Gauni la Bluu na Vita vya Jirani

Jumatano ya tarehe 21 Januari 1998, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alishuka kwenye uwanja wa ndege wa Havana. Hakuna Papa aliyewahi kukanyaga Kuba kabla yake. Fidel Castro, ambaye dunia ilimzoea ndani ya magwanda ya kijani, alikuja kumpokea amevaa suti na tai. Mzee wa Kipolandi aliyeutikisa ukomunisti wa Ulaya Mashariki anapeana mkono na mkomunisti aliyegoma kuanguka: mwandishi wa habari angeomba nini zaidi? Vituo vitatu vikubwa vya televisheni vya Marekani vilikuwa vimewapeleka Havana watangazaji wao nyota, Dan Rather, Peter Jennings na Tom Brokaw, waisome taarifa ya habari wakiwa huko huko.

Siku hiyo hiyo gazeti la Washington Post likachapisha kwamba Rais Bill Clinton anachunguzwa kuhusu Monica Lewinsky, binti aliyewahi kufanya mafunzo ya kazi Ikulu. Nyota wote watatu wakafunga mizigo, wakarudi nyumbani. Papa alibaki Kuba hadi tarehe 25 akizunguka na kuongoza misa, ya mwisho ikiwa kwenye Uwanja wa Mapinduzi, lakini kamera zenye majina zilikuwa zimeshaondoka.

Ile safari ya kurudi siwalaumu sana. Rais akidaiwa kudanganya chini ya kiapo, hiyo ni habari, na mhariri yeyote angeikimbilia. Ninachoshindwa kukimeza ni miezi iliyofuata, pale jambo la kiapo lilipogeuka jambo la gauni la Lewinsky: la rangi gani, lilikuwa kabatini kwa nani, lina doa la nini.

Mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 23 Februari, gazeti la Kiarabu la Al-Quds al-Arabi linalotolewa London lilichapa tamko la Osama bin Laden na wenzake. Lilisema kuwaua Wamarekani, raia kwa askari, ni wajibu. Halikuwa siri ya kunong'onezana, lilikuwa gazetini. Mwezi Mei mwandishi wa kituo cha ABC alimfuata bin Laden hadi Afghanistan, akamhoji mbele ya kamera. Mei hiyo hiyo Ethiopia na Eritrea zilianza kupigana kwa ajili ya Badme, kijiji ambacho wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukisikia. Yote haya yalitangazwa, sikatai. Yalipita kama mgeni anayesalimia akiwa mlangoni: hodi, karibu, haya kwaheri.

Kisha ukaja Agosti, na naomba tuupitie polepole.

Tarehe 2, maofisa wa jeshi mjini Goma walitangaza redioni kwamba hawamtambui tena Rais Laurent-Désiré Kabila. Tarehe 3, Washington, Clinton alitolewa damu ili ilinganishwe na doa la lile gauni. Tarehe 4, ndege zilizotekwa Goma ziliivuka Kongo nzima na kutua Kitona, karibu na Bahari ya Atlantiki, zikashusha askari chini ya James Kabarebe, Mnyarwanda ambaye wiki chache tu nyuma alikuwa mkuu wa majeshi wa huyo huyo Kabila. Kabla mwezi haujaisha walikuwa wameshika bwawa la Inga na kuiacha Kinshasa gizani. Mpelekee mtunzi wa filamu kisa hicho, atakurudishia akisema umetia chumvi mno. Tarehe 6, Lewinsky alitoa ushahidi wake. Watu waliokaa wakisubiri mlangoni kwa mahakama siku hiyo hawakuwa na haja ya kuijua Kitona.

Tarehe 7 ilikuwa Ijumaa. Asubuhi hiyo balozi mbili za Marekani zililipuliwa, Nairobi na Dar es Salaam, zikipishana kwa dakika chache. Nairobi walikufa watu 213, na jengo la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka na waliokuwamo. Kwetu Dar walikufa 11. Wamarekani kati ya wote hao walikuwa 12. Waliobaki walikuwa makarani, madereva, walinzi, abiria wa basi, na watu waliokimbilia madirishani kuangalia mlio wa kwanza ulikuwa wa nini.

Kwa siku kadhaa tulikuwa katikati ya dunia. Halafu tarehe 17 Clinton akahojiwa, na usiku akawaambia Wamarekani kwenye televisheni kwamba alikuwa na uhusiano usiofaa na yule binti. Tarehe 20 akaamuru makombora yapigwe kambi za Afghanistan na kiwanda cha Al-Shifa, Khartoum. Serikali yake ilidai kiwanda kile kinahusika na silaha za kemikali. Ushahidi wake umepingwa hadi leo. Kinachojulikana ni kwamba kilitengeneza dawa, zikiwamo za malaria, katika nchi iliyokuwa na njaa kali huko Bahr el Ghazal mwaka ule ule. Sasa sikiliza swali lililotawala mijadala ya Washington. Halikuwa Wasudani watapata wapi dawa. Swali lilikuwa kama Rais ameiga filamu ya Wag the Dog, iliyotoka miezi michache kabla, ambamo wasaidizi wa rais wanabuni vita ili kufunika kashfa ya ngono. Kiwanda cha watu kikawa pazia la jukwaani katika mchezo wa wengine.

Na Kongo? Vita vile vilivuta Rwanda, Uganda na Burundi upande mmoja, Zimbabwe, Angola na Namibia upande wa pili. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilimfungulia Clinton mashtaka Desemba, Seneti ikamwachia Februari 1999, gauni likasahaulika, na Kongo bado watu wanazikana. Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini Julai 1999. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yaliyoingia yakiwa marafiki, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, mji usio wa yeyote kati yao. Mwaka 2008 shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 vifo milioni 5.4 vilitokana na vita hivyo na mabaki yake. Wako watafiti walioipinga hesabu hiyo wakisema ni kubwa mno. Ikate nusu basi. Hata nusu yake haikupata robo ya muda uliopewa kitambaa kimoja cha bluu.

Wengi wa hao waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na utapiamlo, porini walikokimbilia au katika vijiji ambavyo zahanati zake zilishaporwa. Mtoto anayekufa kwa kuhara hana saa ya tukio wala mlipuko, na msemaji wa jeshi hawezi kumkanusha.

Wanorwe wawili, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, waliligusa hili mapema. Mwaka 1965 walichapisha utafiti juu ya namna magazeti manne ya kwao yalivyoandika habari za nje. Walionyesha kwamba tukio hupenya kirahisi likienda na mwendo wa gazeti, yaani likianza na kumalizika kabla ya mitambo kuwashwa. Likimhusu mkubwa wa nchi kubwa. Likiwa na uso wa mtu badala ya mfumo. Na kwamba likishaingia, huendelea kukaribishwa kesho na keshokutwa. Mifano waliyoichukua ilikuwa migogoro mitatu: Kupro, Kuba na Kongo. Miaka 33 baadaye Kuba na Kongo zilipimwa tena kwa mizani ile ile, zikaonekana nyepesi kuliko gauni.

Rahisi kuwacheka Wamarekani. Mimi nimekaa chumba cha habari hapa Dar miaka ya kutosha kujua kwamba ugonjwa huo hauhitaji pasipoti. Magazeti yetu yamejijengea kamusi nzima ya vita. Mbunge fulani *amvaa* waziri. Waziri *ajibu mapigo*. Katibu wa chama *amlipua* mwenyekiti, mwenyekiti *amchana* katibu, *moto wawaka*, *kimenuka*, *patachimbika*. Ukiinunua nakala na kusoma ndani, unakuta watu wawili wamesemana, kila mmoja kwenye ukumbi wake wenye kiyoyozi, na hakuna hata aliyekwaruzwa. Kisha, ukurasa wa 14, chini ya tangazo la mnada wa magari, kuna aya nne: mabomu halisi yameanguka kwenye kambi ya wakimbizi. Kitenzi kilichotumika hapo ni cha upole kabisa. Tumemaliza milipuko yote kwenye siasa. Vita vyenyewe vikija, stoo haina neno.

Vichwa hivyo na mimi nimeviandika, tena kwa ustadi, na mauzo yalipopanda nilipongezwa.

Watu hudhani habari nyepesi inashinda kwa sababu wasomaji ni wepesi. Nimekuja kuamini sababu ni nyingine, na ni ya kiduka zaidi: habari nyepesi hujileta yenyewe. Mwanasiasa anaita waandishi saa nne asubuhi, viti vimepangwa, maji ya chupa yapo, na mahali pengine, tusidanganyane, bahasha ya nauli ipo pia. Saa sita habari imeandikwa. Kesho mwenzake anajibu, na hiyo ni habari ya pili iliyopatikana bure. Kenya wana toleo lao: gazeti la Jumatatu lililojaa waliyosema wakubwa mazishini Jumamosi na kanisani Jumapili. Lakini habari ya Goma lazima uifuate. Inataka nauli, kibali, dereva anayejua kizuizi gani kimehama usiku, na mhariri wa kukuvumilia wiki nzima bila mstari hata mmoja. Niliwahi kuomba safari ya namna hiyo. Bosi wangu wa wakati huo, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliniangalia kwa huruma akasema, "Bwana mdogo, Goma haiuzi."

Kwa hiyo tukanunua Goma kutoka mbali. Na hapa ndipo penye kichekesho kinacholiza. Mama wa Uvira anayekimbia vita anasema yaliyomkuta kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho anachokisema sokoni, kama wanavyosema Bukavu na Goma na Lubumbashi. Mkalimani anayageuza Kifaransa. Shirika la habari linayapeleka Paris au London, yanatoka kwa Kiingereza, yanafika Dar es Salaam, na kijana wa zamu anayarudisha kwenye Kiswahili, usiku, akiwa na usingizi. Maneno ya mama yamezunguka nusu ya dunia ili yavuke ziwa moja. Yakifika yamepauka: "walioshuhudia walisema".

Wakongo hawakulazimika kutusubiri. Tangu Februari 2002 wana Radio Okapi, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, ikitangaza kwa Kifaransa na lugha nne za nchi, Kiswahili kikiwamo. Ukiisikiliza utaelewa habari nzito si lazima iwe kavu. Inaweza kuwa barabara gani inapitika leo.

Kongo haikuwahi kuwa ng'ambo kwetu hata hivyo. Desemba 2017, kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wetu wasiopungua 14 waliuawa. Majeneza yalipofika, kurasa za mbele zilikuwa nyeusi, na ilistahili. Lakini ule ulikuwa pia msimu wa wabunge na madiwani kuhama vyama "kuunga mkono juhudi za Rais", na ninavyokumbuka haukuchukua muda kabla ya wahamaji kurudi juu ya ukurasa. Nani aliwashambulia vijana wale, na wanatafuta nini? Swali hilo lilihitaji mtu wa kulifuata.

Januari 2025 ikaja na mtihani mwingine. Tarehe 22 Tundu Lissu alitangazwa kumshinda Freeman Mbowe katika uenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema; habari kubwa, halali, na ningeiweka juu mimi mwenyewe. Siku tano baadaye waasi wa M23 wakaingia Goma, mji wa watu zaidi ya milioni moja. Tarehe 8 Februari marais wa jumuiya mbili, ya Afrika Mashariki na ya SADC, walikutana kwa ajili hiyo Dar es Salaam. Vita vilitufuata nyumbani, tukafanya tulichozoea: tukapiga picha misafara na kuandika nani kafika, nani kakosekana, nani kakaa karibu na nani.

Kipindi fulani nilikuwa Kigoma kwa shughuli nyingine kabisa, nikashuka Kibirizi asubuhi, pale boti za mizigo zinapofunga. Kulikuwa na meza ya magazeti, ya jana, kama ilivyo kawaida mikoani. Wanaume watatu walikuwa wameinama juu yake wanasoma vichwa bila kununua. Nani amemvaa nani, sikumbuki. Boti ikaingia kutoka ng'ambo, upande wa Kongo. Mama mmoja mwenye madumu ya mawese aliwapita wale wanaume bila kuwaangalia, akasogea hadi maji yakamfika kwenye vifundo.

"Shikamoo baba. Baraka kumetulia?"

"Marahaba mama. Baraka kumetulia tangu juzi. Fizi usiende. Njia ya juu wameifunga tena."

"Wameifunga akina nani?"

Nahodha akatupa kamba, akamweleza. Alitumia dakika tano hivi, akitaja vijiji kimoja kimoja, na wapi mawese yamepanda kwa sababu ya nini. Watu wakasogea kumsikiliza. Hata wale watatu wa mezani waliliacha gazeti la watu, wakaja.