Siri ya Tajiri na Desturi za Kilio huko Fizi na Baraka

Mtu ashukaye kutoka vilima vya Fizi, mashariki mwa Kongo, kuelekea Ziwa Tanganyika, akaingia Baraka na kupita sokoni mwake, hapati taabu kumjua tajiri wa mji, kwa maana utajiri wa huko hauna maficho: ni boti za mbao zivukazo ziwa hadi Kigoma, ni nyavu za ndagala zitegwazo usiku kwa mwanga wa taa, ni mashamba ya michikichi, ni nyumba za matofali zilizopangishwa kando ya barabara kuu, na kwa wengine ni dhahabu ya Misisi. Lakini namna mali hiyo ilivyopatikana, na idadi kamili ya watoto wanaoitazamia, ni mambo ambayo aghalabu husemwa kwa sauti ya chini maadamu mwenyewe yu hai.

Teritwari ya Fizi, yenye sekta za Mutambala, Lulenge, Ngandja na Tanganyika, ni makao ya Wabembe walio wengi, pamoja na Wabwari wa rasi ya Ubwari, Wabuyu, Wanyamulenge na makabila mengineyo. Na kwa kuwa misafara ya karne ya 19 ilivuka ziwa kutoka Ujiji ikitafuta pembe na watumwa, Uislamu na lugha ya Kiswahili vilitia mizizi mapema katika ufuko huo, ilhali Ukristo wa mapadre na wa wamisionari wa Kiprotestanti ulienea baadaye hata milimani. Hata hivyo, afapo mkubwa wa nyumba, watu wa dini zote hukutana katika jambo moja, nalo ni kilio.

Wanaume huketi nje penye moto, kama walivyoketi wazee wa Kibembe katika lubunga, yaani mahali pa baraza la wanaume ambapo maneno ya ukoo yalisikilizwa na kuamuliwa. Wanawake hukaa ndani juu ya mikeka, wamemzunguka mjane aliyefunga funguo za sanduku katika pindo la kitenge chake, nazo funguo hizo wifi zake huzitazama bila kupepesa jicho. Karibu na mlango huketi kijana mwenye daftari, aandikaye kila kiletwacho: huyu faranga, yule unga wa muhogo, yule dumu la mawese. Mgeni angelidhani daftari hilo ni hesabu ya chakula tu. Wenyeji wajua kwamba ni ushahidi wa udugu, na asiyeandikwa humo huwa na ulimi mfupi siku ya kikao cha ukoo.

Kisha huja siku ya kuondoa kilio, ambapo mzee husimama, akawanyamazisha watu, akasema maneno ambayo wengine wameyangoja tangu siku ya maziko: «Ndugu zangu, aliyemdai marehemu na aseme, na aliyekuwa akidaiwa naye, aseme vilevile. Asiyesema leo, asije akasema kesho.» Madeni ndiyo hutangulia, kwa kuwa hayana aibu kubwa: mzigo wa ndagala uliovushwa ukauzwa na fedha zake zisirudi, au mshahara wa mabaharia uliokaa miezi. Baada ya madeni huja watu. Mwanamke asiyejulikana kwa waombolezaji vijana, bali ajulikanaye sana kwa wazee, husogea akiwa na kijana mwenye paji la uso na mwendo wa marehemu, akasema kwa adabu kwamba hakuja kugombana, amekuja kumwonyesha mtoto kaburi la baba yake. Na mwisho kabisa, pengine baada ya wageni kutawanyika, huja neno lililo zito kuliko yote, nalo ni la ardhi.

Hapo yafaa tueleze. Vita vya mwaka 1996 vilipoikumba nchi hii, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa wakaingia Tanzania, wakakaa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, na walio wengi walianza kurejea mwaka 2005 kwa boti zilizowateremsha Baraka. Katika miaka hiyo ya uhamisho, viwanja na mashamba ya waliokimbia yalikaliwa na wengine. Vingine viliuzwa na ndugu asiye na idhini, vingine vilinunuliwa na mtu mwenye fedha ambaye hakuuliza maswali mengi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 yasema kwamba ardhi ni ya dola, na hati ya usajili ndiyo hoja ya mwenye haki. Lakini kwa kuwa mashamba mengi ya vijijini hayana hati yoyote, mipaka yake imo katika vichwa vya majirani. Kwa hiyo mtoto wa tajiri aweza kulia juu ya jeneza la babaye katika ua wa nyumba nzuri, asijue kwamba wazee walioketi mbele yake wote walijua ua ule ulikuwa wa nani kabla ya vita.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, nasi twaweza kudhani kwamba aliyeficha ni marehemu peke yake. Sivyo. Nahodha aliyempeleka kwa mke wa ng'ambo alijua, mkunga alijua, baba mdogo aliyetumwa na mbuzi kwa wakwe wa siri alijua, jirani aliyeona kiwanja kikipimwa upya alijua. Walinyamaza kwa sababu tajiri yule aliwakopesha ada ya shule, akawapa jeneza, akawapakia bure katika boti yake. Na kwa desturi zetu kumfunulia mtu mzima aibu yake mbele ya wanawe ni utovu wa adabu. Siri hiyo basi haikuwa ya nyumba moja, bali ilikuwa amana ya mji mzima, na kilio ndiyo siku iliyowekwa ili wenye amana wairudishe.

Amana hiyo ikisharudishwa, huanza mashindano ya sheria tatu. Kwa mila ya Wabembe, ambao huhesabu nasaba kwa upande wa baba, mtoto hufuata mahari, hivyo yule ambaye mamaye hakutolewa kitu huhesabiwa kwa wajomba zake. Kwa sharia ya Kiislamu, madeni hulipwa kwanza, wasia haupiti thuluthi, mke hupata thumni ikiwa kuna watoto, na mwana wa nje ya ndoa hamrithi baba. Lakini Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, huwapa watoto robo tatu ya mirathi, wa ndani ya ndoa sawasawa na wa nje ambao baba aliwatambua akiwa hai, na robo iliyobaki huwaendea mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Na mjane ana haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyoishi. Kila mmoja huishika sheria inayompendelea: wifi hutaja mila, shemeji hutaja dini, na kijana aliyetoka Bukavu hutaja kanuni.

Wala si Baraka peke yake. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Unguja na Omani, alipofariki baharini mnamo Oktoba 1856, akirejea Unguja kutoka Omani, mwanawe Barghash aliyekuwa naye chomboni aliushusha mwili usiku na kuuzika kwa siri, akitumaini kukitwaa kiti kabla ya nduguye Majid kupata habari. Hila ile haikufaulu. Ndugu waligawanyika, dola nayo ikagawanywa kwa hukumu ya Lord Canning, mtawala wa Kiingereza huko India, mwaka 1861, na Salme, binti wa Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, alidai urithi wake kwa miaka mingi asiupate. Ikiwa nyumba ya kifalme yenye makadhi na waandishi ilishindwa, haitushangazi kuona nyumba ya mwenye boti ikiyumba.

Hatari ya zama zetu, walakini, si kwamba siri hufichuka, bali ni kwamba hufichuka pasipokuwa na mashahidi. Vita viliwatawanya wenye amana: nahodha yu Nyarugusu, baba mdogo amehamia Marekani, mkunga amekufa, na kilio kilichokuwa kikichukua siku nyingi sasa hukatwa kwa sababu ya gharama. Dai huja kwa simu kutoka mbali, hakuna wa kulithibitisha wala kulikanusha, na pengo hilo hujazwa na shutuma za uchawi, ambazo aghalabu humwangukia asiye na mtetezi, yaani mjane: huambiwa ndiye aliyemla mumewe, hunyang'anywa zile funguo, na kabla ya kesi kuamuliwa yeye na wanawe wadogo wamekwisha kutolewa nje. Katika yote yaliyofichwa na nyumba ya tajiri, hakuna ovu kubwa kuliko hilo litendwalo hadharani.

Watu wa busara huwahimiza matajiri waandike wasia na kuwatambua watoto wao mbele ya afisa wa hali ya kiraia, na shauri hilo ni jema. Lakini tajiri aliyeficha miaka 30 hawi mkweli kwa kupewa karatasi. Wajibu mkubwa zaidi ni wa wale walionyamaza. Aliyekula chumvi ya marehemu akamfichia, hana budi kusimama kilio kingali kipo, auseme mpaka wa kiwanja na jina la mtoto, mbele ya mjane na mbele ya warithi. Na ikiwa yuko mbali, ashuhudie kwa simu ile ile inayobeba madai. Anyamazaye siku hiyo kwa kisingizio cha heshima hamheshimu marehemu, bali amemrithi. Na fungu alilolirithi ni ile dhuluma.