Mwenye bastola ya leseni, kagua kwanza ala yake

MSIMU wa mavuno unapofika, mnunuzi wa mahindi katika soko la Kibaigwa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, huinama na kuinuka mara nyingi kwa siku. Anachoma gunia kwa bambo kutoa sampuli, anapanda juu ya lori kuhesabu mzigo, anasukumana na wapagazi, na jioni anarudi nyumba ya wageni kwa bodaboda akiwa na fedha za wakulima.

Kama ni mmoja wa wafanyabiashara wachache wenye bastola ya leseni, silaha hiyo huinama naye, hupanda naye lori na hurushwa naye kwenye mashimo ya barabara. Swali ambalo wengi hawajiulizi ni moja: kitu gani kinaishikilia pale kiunoni?

Wapo wanaotumia miezi kufuatilia kibali na fedha nyingi kununua silaha, halafu wakaichomeka kwenye suruali, wakaitia mfuko wa koti, au wakanunua kifuko cha nailoni kwa sababu kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote dukani. Bastola ikidondoka sokoni au ikinyakuliwa na kibaka, hasara yake ni kubwa kuliko fedha iliyokuwa ikilindwa. Mtu anaweza kufa, mhalifu anaweza kupata silaha, na mmiliki anaweza kufikishwa mahakamani na kunyang'anywa leseni.

Ndiyo maana ala, yaani kifuko cha kubebea bastola kiunoni, inastahili kuchaguliwa kwa makini kama mkulima anavyochagua mbegu.

Yaliyowapata wengine

Marekani, ambako watu wengi hubeba bastola iliyofichwa, imetoa mafunzo ya uchungu.

Novemba 2008, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku mjini New York akiwa amechomeka bastola kwenye suruali bila ala. Bastola iliteleza mguuni na kufyatuka, na risasi ikampiga pajani. Hakuwa na leseni ya kubeba silaha katika jiji hilo, na mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Desemba 2014, katika jimbo la Idaho, mama aliyekuwa na kibali halali alikwenda dukani na watoto. Bastola yake ilikuwa ndani ya mkoba wa mkononi wenye mfuko maalumu wa silaha. Mwanawe wa miaka miwili aliingiza mkono kwenye mkoba huo, bastola ikafyatuka na mama akafa papo hapo.

Juni 2018, mjini Denver, ofisa wa shirika la upelelezi la FBI aliruka sarakasi akicheza muziki kwenye baa. Bastola ikamtoka kiunoni na kuanguka sakafuni. Alipoinama kuiokota kwa haraka ilifyatuka na kumjeruhi mteja mguuni.

Wa kwanza hakuwa na ala, wa pili aliiweka silaha mbali na mwili wake, na wa tatu, ingawa alikuwa na mafunzo ya kazi, silaha yake haikushikiliwa vya kutosha kwa alichokuwa akifanya.

Kazi tatu za ala

Ala nzuri ina kazi tatu, na ikishindwa moja haifai hata ikiwa imeshonwa kwa urembo.

Kwanza, ifunike kifyatulio, au triga kama wengi wanavyokiita, pamoja na duara lote linalokizunguka. Bastola nyingi za kisasa, kama Glock, hazina kufuli ya nje ya kufunga kwa kidole gumba. Kidole, ufunguo au kamba ya jaketi ikiingia kwenye triga na kuibana, risasi hutoka.

Pili, ishike bastola. Mtu akiinama, akikimbia, akianguka au akivutwa, silaha ibaki mahali pake hadi mwenyewe aamue kuichomoa.

Tatu, ala yenyewe ishike mkanda. Hapa ndipo wengi hukosea. Bastola ya ukubwa wa Glock 19 ikiwa na risasi 15 ina uzito wa karibu gramu 850. Mkanda laini wa suruali ya kawaida hupinda kwa uzito huo, na klipu dhaifu huachia, ala ikatoka pamoja na silaha. Unahitajika mkanda mgumu, kama ule wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na vitanzi vya ala viwe na upana ule ule wa mkanda. Upana wa inchi moja na nusu ndio unaotumika zaidi.

Namna ya kushika

Zipo njia mbili za kuishika bastola. Ya kwanza ni kwa kubana. Ala hutengenezwa kwa umbo la bastola husika, ikaikumbatia, na mara nyingi huwa na skrubu ya kukaza au kulegeza. Ya pili ni kwa kufunga. Kunakuwa na kamba ya ngozi yenye kifungo juu ya silaha, au kufuli ndogo ambayo mkono huifungua wakati wa kuchomoa.

Katika miaka ya 1970, Bill Rogers, aliyewahi kuwa ofisa wa FBI, alibuni kipimo cha uimara wa ala za askari. Mtu mmoja huvaa ala yenye bastola tupu, mwingine hushika mpini na kuvuta kwa nguvu zake zote, upande wowote, kwa sekunde tano. Bastola isipotoka, ala imefikia daraja la kwanza. Kisha kizuizi cha kwanza hufunguliwa na jaribio kurudiwa. Ikishika tena, ni daraja la pili, na kuendelea.

Hata hivyo, mnunuzi awe mwangalifu. Watengenezaji wengi siku hizi huandika daraja la pili au la tatu kwa kuhesabu tu idadi ya vifungo, bila jaribio hilo. Namba iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi kuwa ushahidi.

Je, kufuli zikiwa nyingi ndiyo bora? Kwa askari anayevaa silaha nje ya nguo, ndiyo, kwa sababu kila mtu anaiona na yeyote anaweza kujaribu kuinyakua. Kwa mfanyabiashara anayeificha chini ya shati, hali ni tofauti kidogo. Nguo yenyewe ni ulinzi wa kwanza, maana asiyejua kuwa ipo hawezi kuivizia. Kufuli kubwa huongeza unene, shati likatuna na siri ikatoka.

Kwa mwenye kazi ya dukani au ofisini, ala ya kubana iliyotengenezwa kwa bastola yake hasa, ikakazwa vizuri, inatosha. Kwa anayepanda bodaboda kila siku, anayebeba mizigo au anayesukumana na ng'ombe mnadani, kamba yenye kifungo au kufuli moja ya kidole gumba inafaa kuongezwa. Kufuli zinazofunguliwa kwa kubonyeza kwa kidole cha shahada zimezuiwa na baadhi ya vyuo vya mafunzo nchini Marekani. Kidole hicho ndicho cha triga, na mtu mwenye hofu huendelea kubonyeza hata bastola ikiwa imekwishatoka.

Ngozi, plastiki au nailoni?

Ngozi nene iliyolowanishwa, ikabanwa kwenye umbo la bastola na kukaushwa, hukaa vizuri mwilini na haina kelele. Udhaifu wake ni jasho na mvua. Baada ya muda hulainika, mdomo wake ukajikunja kuelekea ndani. Huko Marekani imewahi kutokea ngozi iliyochakaa ikaingia kwenye triga wakati mwenye silaha akiirudisha, na bastola ikafyatuka. Ngozi ikianza kujikunja mdomoni, ala hiyo imekwisha kazi.

Plastiki ngumu, hasa aina ya Kydex, haili maji wala jasho na huoshwa kwa maji ya kawaida. Hushika kwa mlio wa "tak" unaosikika bastola inapokaa sawa. Isiachwe kwenye dashibodi ya gari juani, kwani joto kali huipinda na mshiko ukaharibika.

Nailoni laini inayouzwa kuwa inatosha bastola zote ndiyo ya kuepuka. Kinachotosha zote hakiishiki sawasawa hata moja. Mdomo wake husinyaa bastola ikitoka, na mwenye nayo hulazimika kuufungua kwa mkono wa pili huku mdomo wa bastola ukielekea mwilini mwake.

Mafundi wa ngozi wa hapa nchini wanaweza kushona ala imara, lakini bastola haiachwi kwa fundi hata kwa saa moja. Mteja apeleke kipande cha mbao kilichochongwa kwa vipimo vyake.

Mahali pa kuivaa

Kwa anayetumia mkono wa kulia, nyonga ya kulia, nyuma kidogo ya mshono wa suruali, ni mahali panapofaa wengi. Kiwiko huweza kuilinda na shati huifunika. Katikati ya mgongo hapafai. Mtu akianguka na pikipiki, chuma hicho hugonga uti wa mgongo, na sokoni hawezi kumwona anayemgusa kwa nyuma.

Mkoba wa mkononi, begi la mgongoni na boksi la pikipiki si ala. Vikiibwa, silaha imeibwa pia.

Choo cha shimo nacho ni mtihani. Mtu akichuchumaa na kufungua mkanda, ala isiyoshika humwaga silaha shimoni. Wengine huitundika kwenye msumari wakaisahau. Njia salama ni bastola kubaki ndani ya ala, na ala kushikiliwa kwa mkono pamoja na mkanda hadi nguo ifungwe.

Jaribio la nyumbani

Kabla ya kuiamini ala mpya, mmiliki aijaribu akiwa peke yake, watoto wakiwa mbali. Magazini itolewe, chemba ikaguliwe kwa macho na kwa kidole mara mbili, na risasi zote ziwekwe chumba kingine.

Bastola tupu iingizwe kwenye ala, kisha igeuzwe chini juu na kutikiswa juu ya godoro. Ikianguka, skrubu ikazwe au ala irudishwe dukani. Baadaye aivae, ainame, achuchumae, apande ngazi na akimbie hatua kadhaa. Mwishowe avute mpini kwa nguvu pande zote. Mkanda ukipinda au klipu ikiachia, tatizo limeonekana mapema.

Kuchomoa na kurudisha hufanyiwa mazoezi kwa silaha tupu, na baadaye kwenye uwanja wa kulenga shabaha chini ya mkufunzi. Kurudisha hakuna haraka kamwe. Kidole kiwe nje ya triga, shati livutwe kando, na macho yatazame ala.

Matunzo nayo ni madogo. Skrubu zikaguliwe kila wiki, kwani mtikisiko wa pikipiki huzilegeza. Tone la rangi ya kucha likipakwa kati ya skrubu na ala, likipasuka mtu anajua skrubu imezunguka. Bastola isilazwe usiku ndani ya ala ya ngozi, maana unyevu hutia kutu. Mahali pake pa kulala ni kwenye sanduku la chuma lenye kufuli.

Sheria inamtazama mmiliki

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Desemba 2018 serikali yake iliamuru wamiliki wote raia wahakikiwe upya. Kote mmiliki huwajibika kwa usalama wa silaha yake, na ikipotea polisi waarifiwe mara moja.

Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi. Sheria yake Namba 60 ya mwaka 2000 inataka bastola inayobebwa hadharani iwe ndani ya ala au kifuko cha namna hiyo, ifunikwe kabisa, na mbebaji awe na uwezo wa kuidhibiti. Hata pale ambapo sheria haikuandikwa kwa maneno hayo, huo ni mwongozo mwema.

Kabla ya yote, mfanyabiashara apige hesabu zake. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo mengi ya mazao yanaweza kufanyika bila kubeba maburungutu. Fedha zikipungua mfukoni, hatari nayo hupungua.

Anayeona bado anaihitaji bastola, na sheria ikamruhusu, aweke bei ya ala, mkanda na mafunzo kwenye bajeti moja na bei ya silaha. Fedha zisipotosha vyote, bastola isubiri kwenye sanduku la chuma. Tahadhari kabla ya hatari.