Perege na kambale bwawa moja: nani atamla nani?

Wafugaji wengi huchanganya perege na kambale katika bwawa moja, na si kosa. Perege huzaliana haraka, hata kabla ya kufikia ukubwa wa kuuzwa. Vifaranga wakijaa bwawani, chakula hakiwatoshi na wote hudumaa. Kambale huwala vifaranga hao na kupunguza msongamano.

Tatizo huanza pale kambale anapowekwa akiwa mkubwa kuliko perege. Kambale humeza samaki yeyote anayeenea mdomoni mwake, na huwinda zaidi usiku. Mfugaji huona samaki wanapungua, lakini haoni hata mmoja aliyekufa akielea. Hapo huanza kumshuku mwizi au ndege, kumbe adui yumo humo humo majini.

Ufanyeje basi? Tanguliza perege. Wakishakua kiasi, ndipo uweke kambale walio wadogo kuliko wao, tena wachache.

Kambale wenyewe kwa wenyewe nao hulana. Hata walioanguliwa siku moja hawakui sawa. Wachache huwapita wenzao na kuanza kuwameza. Watenge kwa ukubwa mara kwa mara, na usiwaache na njaa.

Kumbuka pia kwamba kambale anaweza kupumua hewa ya nje. Mvua ikinyesha, anaweza kutambaa kwenye majani mabichi hadi bwawa la jirani. Zungushia wavu bwawa lako kabla ya masika, na uweke wavu mwingine pale maji yanapoingilia, ili kambale wa mtoni wasije bila kualikwa.