Kuijua Sonona (2): Simu ya Usiku wa Manane

Juma lililopita tulieleza dalili za sonona. Leo tutazame saa ile mbaya zaidi, mtu anapoona afadhali afe na walio nyumbani wamelala. Ipo simu anayoweza kupiga.

Mwaka 1935 kasisi kijana wa Uingereza, Chad Varah, alimzika msichana wa miaka 14 aliyejiua. Binti huyo alikuwa amevunja ungo, akadhani ameambukizwa ugonjwa wa zinaa, wala hakuwa na wa kumwuliza. Varah hakumsahau. Novemba 1953, akiwa kanisa la St Stephen Walbrook, London, alitangaza nambari ya simu kwa yeyote anayefikiria kujiua. Waliofika wenyewe walipokewa na watu wa kujitolea, wakapewa chai na kusikilizwa wakingoja zamu ya kumwona kasisi. Wengi, wakishamimina yaliyowajaa moyoni, hawakuona tena haja ya kumwona. Mapema 1954 Varah aliwaachia kazi hao wa kujitolea, na ndio shirika la Samaritans hadi leo.

Enzi hizo kujaribu kujiua kulikuwa jinai Uingereza. Waingereza waliifuta sheria hiyo kwao mwaka 1961, lakini ile waliyoturithisha ikabaki. Nchini Kenya, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtisha aliyenusurika kwa jela ya hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kinakiuka Katiba. Nani angefungua moyo huku akihofia pingu? Sheria ile iliwafunga watu midomo, na hofu hiyo haifutiki kwa hukumu moja. Kwa hiyo ni vyema ijulikane kwamba anayepiga simu hizi halazimiki kutaja jina lake.

Wala huhitaji kupanga maneno. Lia, au nyamaza; msikilizaji atangoja. Huenda akakuuliza waziwazi kama unafikiria kujiua. Jibu kweli. Wengi wetu hulikwepa swali hilo tukidhani litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo, ilhali utafiti umeonyesha halimzidishii hatari, na mara nyingi humpa nafuu. Huduma nyingi hutunza siri yako, isipokuwa pale uhai unapokuwa hatarini papo hapo.

Nchini Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na shirika la Befrienders Kenya nalo husikiliza. Watoto wana 116, Kenya, Tanzania na hata Uganda. Laini ikiwa na shughuli, piga tena, na huku ukijaribu mwamshe mtu akae nawe. Kama tayari umejidhuru, nenda hospitali moja kwa moja.

Simu haitibu sonona. Inakuvusha hadi kliniki ifunguliwe. Nawe unayemwuguza ndugu yako, unaweza kupiga pia, ukauliza namna ya kukaa naye usiku huu.