Pono Yupi wa Kutiwa Tangini?

Mtafsiri wa maelekezo ya kufuga samaki wa baharini nyumbani hukutana mapema na neno pono. Neno hili ni la wavuvi wetu, nasi hatuna sababu ya kuliacha. Lakini hutaja samaki wa aina nyingi. Pono ajulikanaye zaidi hukwangua mwamba kwa meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Huyo akitiwa katika tangi la matumbawe, atayaharibu. Nduguye, Cirrhilabrus wakanda, aliyepatikana katika miamba ya kina kirefu ya Zanzibar na kupewa jina la kisayansi mwaka 2019, ni wa jenasi isiyodhuru matumbawe. Samaki wa jenasi hiyo hudaka vijidudu vieleavyo majini. Tena huruka washtukapo, hivyo tangi lao sharti lifunikwe kwa wavu.

Basi neno pono peke yake halimtoshi mfugaji, wala afisa atoaye kibali. Napendekeza pono mkwanguzi kwa yule wa kwanza, na pono mdakaji kwa huyu wa pili. Hata hivyo, kabla ya kusanifu istilahi hizi, yafaa wavuvi wa Unguja na Pemba waulizwe kwanza. Huenda jina wanalo.