Je, Wajua? Mshipa Una Kazi Nne, na Pia Imo Gotini

Babu yangu mmoja wa Pangani alipelekwa zahanati, akamwambia daktari, "Mjukuu wangu, mshipa unanisumbua." Daktari, kijana aliyetoka chuoni juzi tu, akampandisha mkono wa kanzu na kuanza kumpapasa kwenye kiwiko. Babu akamtazama, akanitazama mimi, akakohoa. Pwani nzima inajua kwamba mzee akisema mshipa kwa sauti ile ya chini, hasemi habari za mkono. Anasema busha, na hawezi kulitaja mbele ya mjukuu.

Je, wajua neno hili mshipa limebebeshwa mizigo mingapi? Kuna mshipa wa damu. Kuna mshipa wa fahamu, ambao vitabu vya shule huuita neva, na kazi yake ni kupeleka habari kati ya ubongo na mwili. Kuna "mshipa" wa shingo unaokaza ukilalia mto vibaya, ambao kwa hakika ni msuli. Kisha kuna huo wa babu. Na hata huo ni maradhi mawili ndani ya jina moja: busha ni maji yaliyojaa kwenye mfuko unaozunguka korodani, na kwetu pwani mara nyingi huletwa na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu, ilhali ngiri ni kipande cha utumbo kilichopenya kwenye upenyo wa misuli ya tumbo. Yote mawili hutibiwa kwa upasuaji, lakini ngiri ikibanwa ghafla na kuanza kuuma sana, si ya kungoja kesho.

Mishipa ya damu yenyewe nayo ina ukoo wake. Ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Shuleni tulikariri kwamba ateri ni damu safi na vena ni damu chafu, tukapata alama zetu. Ukifika kwenye mapafu kanuni hiyo inavunjika, maana ateri ya mapafu ndiyo inayobeba damu iliyoishiwa oksijeni. Cha kushika ni damu inakoelekea, si usafi wake. Jina ateri ni la Kiyunani, na wapo Wayunani wa kale walioamini kuwa ndani yake mnapita hewa, kwa sababu katika maiti mishipa hiyo hukutwa karibu tupu. Galen, tabibu wa karne ya 2, ndiye aliyeonyesha kuwa mna damu.

Wayunani hao walituachia kitu kingine bila sisi kujua. Walifundisha kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Matabibu wa Kiarabu na Kiajemi, akiwemo Ibn Sina, waliyachukua mafundisho hayo, na maneno yakaja nayo mpaka mwambao wetu. Bibi akisema mtoto ana balaghamu, yaani kohozi, kifuani, neno lake lilianzia kwa Wayunani likapitia kwa Waarabu. Safura nayo kwa Kiarabu ilikuwa ile nyongo ya njano. Kwetu ikageuka kuwa ugonjwa wa kupungukiwa damu unaoletwa na minyoo. Nyongo ya njano imekwisha kufutwa kwenye vitabu vya tiba kama chanzo cha maradhi, ila jina lake bado linaandikwa ukutani kwenye kliniki za watoto.

Sasa weka kidole pale mbavu zinapokutana, chini ya mfupa wa kidari, palipobonyea. Hapo ndipo chembe cha moyo. Je, wajua kwamba moyo haupo hapo? Uko juu zaidi, nyuma ya kidari, umeegemea kushoto kidogo, ukubwa wake kama ngumi ya mwenye nao. Chini ya kidole chako pana tumbo la chakula na ncha ya ini. Ndiyo maana anayelalamika kwamba moyo unawaka baada ya pilau, mara nyingi kinachomchoma ni asidi iliyopanda kooni, yaani kiungulia. Mara nyingi, nasema, si kila mara. Maumivu ya hapo yakija na jasho la baridi, pumzi kukatika, au kutambaa hadi taya na mkono wa kushoto, huenda ni moyo kweli. Kimbia hospitali, usianze na maziwa.

Si chembe cha moyo tu chenye jina la kupotosha. Homa ya ini huweza kukaa mwilini miaka bila homa yoyote. Uti wa mgongo na UTI havijuani: wa kwanza ni safu ya mifupa, ya pili ni maambukizi ya njia ya mkojo.

Pia ya goti ilipewa jina la mchezo, ile pia ya watoto inayozungushwa kwa kamba, na ukiutazama mfupa ulivyochongoka chini utakubali. Mtoto mchanga hana pia ya mfupa. Anayo ya gegedu, laini kama ncha ya sikio, nayo huanza kugeuka mfupa akifikia miaka mitatu hivi. Pengine ndiyo maana anatambaa sakafuni kutwa nzima bila kulia, wakati wewe ukipiga magoti kutafuta kijiko chini ya kabati unaita watu.

Na je, wajua kwamba chikungunya ni jina letu? Mwaka 1952 homa ya ajabu ilizuka katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walijikunja kwa maumivu ya viungo, na Wamakonde wakaiita kwa neno la lugha yao lenye maana hiyo ya kujikunja. Leo neno hilo linaandikwa kwenye vyeti vya wagonjwa India na Brazili. Dengue nayo, ambayo Tanzania huitwa pia kidingapopo, kamusi za Kiingereza hulihusisha jina lake na Kiswahili. Mbu wa homa hizi mbili ni mmoja, Aedes, mwenye madoa meupe miguuni. Huzaliana kwenye maji ya vifuu, mitungi na matairi, na huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii.