Ajenti wa AI Akishika DNS ya Tovuti Yako: Mpe Kazi, Usimpe PIN

Tuseme una duka la kahawa ya kusaga hapa Othaya. Wateja wa Nairobi na Nakuru wanaagiza kwa tovuti yako, wanalipa kwa till, nawe unawatumia mzigo kwa matatu. Sasa unataka kuhamisha tovuti hadi seva mpya. Kijana anayekusaidia mambo ya kompyuta anakwambia, "Wacha ajenti wa AI arekebishe DNS, ni dakika tano tu."

Inaweza kuwa dakika tano kweli. Lakini akikosea, pesa inaingia kwa till na tovuti haina habari. Mteja anaambiwa hajalipa, analipa tena, halafu anakupigia simu akiwa amekasirika. Tuone vile utaepuka hayo.

DNS ni nini?

Watu hutafuta tovuti kwa jina, lakini kompyuta hutafutana kwa nambari. DNS, mfumo uliobuniwa mwaka wa 1983, ndiyo huunganisha hivi viwili. Ni kama simu yako: wewe unabonyeza "Mama Shiru", yenyewe inapiga nambari. Majina yanayoishia na .ke husimamiwa na KeNIC. Ndani ya DNS utakutana sana na rekodi hizi:

- A: nambari ya seva iliyobeba tovuti yako.
- CNAME: jina linaloelekeza kwa jina lingine.
- MX: barua pepe zako zipelekwe wapi.
- TXT: maandishi ya uthibitisho, kama SPF, inayotaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua pepe kwa jina lako.

Mteja akimaliza kulipa, mfumo wetu hutuma taarifa kwa anwani ya tovuti yako, na huitafuta kupitia DNS. Rekodi ya A ikiwa na kosa, taarifa hiyo haikufikii.

Huyu si ajenti wa kutoa pesa

Ajenti wa AI ni programu. Unamweleza kazi kwa maneno ya kawaida, naye anasoma rekodi zako, anapanga mabadiliko na kuyatekeleza mwenyewe kupitia zana ya kampuni inayohifadhi DNS yako. Ana haraka na hachoki. Tatizo ni kwamba hajui usichomwambia. Anaweza kuona MX ya zamani, adhani haina kazi, aifute, na oda za barua pepe zikome. Anaweza pia kuongeza SPF ya pili kando ya ile ya kwanza. Jina moja linatakiwa kuwa na SPF moja tu. Zikiwa mbili ukaguzi unafeli, na barua zako zinaweza kuishia kwenye barua taka za mteja.

Yule ajenti wa pale steji unamwamini, lakini PIN unaiweka mwenyewe. Huyu naye mfanyie vivyo hivyo.

Hatua za kufuata

1. Hifadhi rekodi za sasa. Zipakue zote, au piga picha ya skrini. Hii ndiyo njia yako ya kurudi nyuma.

2. Punguza TTL siku moja kabla. TTL ni muda, kwa sekunde, ambao mitambo mingine hukumbuka jibu la zamani. 3600 ni saa moja, 300 ni dakika tano.

3. Mpe tokeni, si neno lako la siri. Cloudflare, kwa mfano, hukuruhusu kutengeneza tokeni ya DNS ya jina moja tu, yenye tarehe ya kuisha. Anayeshika akaunti nzima anaweza kuwaelekeza wateja wako kwa ukurasa bandia wenye till yake.

4. Mtake aonyeshe kabla ya kufanya. Mwandikie: "Usibadilishe kitu. Nionyeshe kwanza utakachoongeza, utakachobadilisha na utakachofuta." Ukiona anataka kufuta MX au TXT, msimamishe umuulize sababu.

5. Jaribu kwa pesa kidogo. Fungua tovuti kwa bando ya simu, jitumie barua pepe, kisha agiza kitu cha shilingi kumi ulipe. Tovuti ikisema umelipa, mambo ni sawa.

6. Futa tokeni, lakini usizime seva ya zamani siku hiyo hiyo. Iache siku mbili hivi, kwa sababu kuna wateja ambao bado watapelekwa huko.

Na mambo yakiharibika?

Usimwambie mteja alipe tena. Angalia kwanza taarifa ya till yako: kama nambari ya muamala iko hapo, pesa imefika, mpe mzigo wake. Kisha rudisha rekodi ulizohifadhi, subiri muda wa TTL uishe, na ujaribu tena ile shilingi kumi.

Bado haieleweki? Tupigie ukiwa na nambari ya muamala na saa ambayo DNS ilibadilishwa. Hayo mawili yanatutosha kuanza kufuatilia. PIN yako hatutakuuliza, na tokeni pia hatuihitaji.